Hesabu Moja, Mikono Mingi

Kugawa hesabu moja kubwa kwa watendaji wengi ni kazi iliyoitangulia kompyuta kwa karne moja na nusu. Katika miaka ya 1790 serikali ya mapinduzi ya Ufaransa ilikuwa imeamua kupima kila kitu kwa makumi. Pembe nazo ziligawanywa upya, zikahitaji majedwali mapya ya logarithi na ya trigonometria. Kazi hiyo alipewa mhandisi Gaspard de Prony, mkuu wa ofisi ya upimaji ardhi. Majedwali ya ukubwa ule yangewachukua wataalamu wachache miaka mingi mno. De Prony alikuwa amesoma kitabu cha Adam Smith cha 1776, kile kinachoeleza jinsi utengenezaji wa pini unavyogawanywa kwa mafundi wengi, kila mmoja akishika hatua moja, naye akaazimia kuzalisha logarithi kwa namna hiyohiyo.

Aliwapanga watu wake katika madaraja matatu. Juu walikuwapo wanahisabati wachache waliochagua fomula. Chini yao lilikuwapo kundi dogo la wakokotozi mahiri waliogeuza fomula hizo kuwa namba za kuanzia na maagizo ya kufuata. Daraja la tatu lilikuwa la makumi ya watu ambao hawakuhitaji kujua zaidi ya kujumlisha na kutoa. Njia waliyoitumia huanza na thamani ya kwanza pamoja na tofauti zake, na tofauti za tofauti hizo, kisha kila thamani inayofuata hupatikana kwa kujumlisha peke yake. Kila sehemu ya jedwali ilikuwa na namba zake za kuanzia zilizoshushwa kutoka juu, kwa hiyo mkokotozi wa sehemu moja hakumsubiri wa sehemu nyingine. Hesabu zote zilifanywa mara mbili na kulinganishwa. Majuzuu makubwa yaliyoandikwa kwa mkono hayakupata kuchapishwa yote, lakini mpangilio ule ulibaki kuwa somo lenye uzito kuliko majedwali yenyewe. Wingi wa watu ulizaa matunda kwa sababu kuna mtu aliyeikata kazi mapema katika vipande visivyotegemeana.

Charles Babbage wa Uingereza aliisimulia kazi ya de Prony katika kitabu chake cha 1832 juu ya viwanda na mashine. Daraja la tatu, la kujumlisha na kutoa, ndilo alilotaka kulikabidhi kwa mashine. Miaka 10 baadaye Luigi Menabrea, mhandisi wa Kiitalia aliyeandika maelezo ya mashine kubwa ya Babbage, alitaja kwamba hesabu ndefu zinazofanana zingeweza kupangwa ili mashine itoe majibu kadhaa kwa wakati mmoja. Mashine hiyo haikujengwa, na wazo hilo likabaki kwenye karatasi.

Aliyeliona tatizo kwa ukamilifu wake alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa, Mwingereza Lewis Fry Richardson. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akiwa dereva wa gari la wagonjwa nchini Ufaransa katika kikosi cha Waquaker, alijaribu kutabiri hali ya hewa kwa hesabu tupu. Alichukua vipimo vya tarehe 20 Mei 1910 na kukokotoa mabadiliko ya saa 6 tu. Hesabu hiyo ilimchukua karibu wiki 6, na jibu lilikuwa la kosa kubwa: kanieneo ya hewa ipande kwa milibari 145, jambo lisilotokea katika anga halisi. Karatasi zake zilipotea katika mapigano ya mwaka 1917, zikaonekana miezi kadhaa baadaye nchini Ubelgiji chini ya lundo la makaa ya mawe. Kitabu kilichotokana nazo kilitoka Cambridge mwaka 1922.

Humo Richardson alichora kwa maneno ukumbi wa duara, mkubwa kama jumba la maonyesho, ambao kuta zake zimepakwa ramani ya dunia nzima. Kila eneo la ramani lina wakokotozi wake. Alikadiria kwamba wangehitajika watu 32 kwa kila nguzo ya hewa ili hesabu iende sambamba na hali ya hewa yenyewe, na nguzo 2,000 za kukokotolewa duniani kote, jumla watu 64,000. Taa ndogo zinaonyesha namba iliyopatikana katika kila eneo ili majirani waisome, na kila namba inaonekana katika maeneo matatu yaliyopakana. Katikati, juu ya mnara, anakaa msimamizi. Waliotangulia mno anawamulikia taa ya rangi ya waridi, waliochelewa anawamulikia ya buluu.

Ukumbi huo haukujengwa, lakini hakuna maelezo mengine ya zamani yanayofanana hivyo na programu za leo. De Prony alikuwa na vipande visivyojuana. Hewa haigawanyiki hivyo: upepo wa eneo moja huingia eneo la pili, na hakuna anayeweza kuendelea na saa inayofuata kabla ya kujua jirani yake amepata nini. Richardson aliona kwamba mgawanyo wa aina hii una gharama mbili zisizokuwamo katika hesabu yenyewe, ya kupashana habari na ya kusubiriana. Modeli ya hali ya hewa inayoitwa WRF, ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ni miongoni mwa watumiaji wake, huikata ramani katika mistatili, humpa kila mtendaji mstatili mmoja, na humwekea pembezoni ukanda mwembamba wa namba za majirani. Kila baada ya hatua ya muda, kanda hizo hubadilishwa. Taa za Richardson ndizo hizo.

Kompyuta za kwanza za elektroniki zilikaribia kuifuata njia hii, kisha zikaiacha. ENIAC, iliyokamilika Marekani mwishoni mwa 1945, ilikuwa na vijumlishi 20 vilivyoweza kufanya kazi kwa wakati mmoja. Kuipanga kulikuwa kuunganisha nyaya na kugeuza swichi, kazi iliyoweza kuchukua siku kadhaa. Mwaka huohuo mwanahisabati John von Neumann aliandika rasimu ya mashine iliyofuata, akipendekeza kwamba mashine ifanye jambo moja kwa wakati mmoja, kwani kasi ya vali za elektroniki ilitosha na usahili ulikuwa na thamani kubwa zaidi. Mwaka 1948 ENIAC yenyewe ilibadilishwa ili isome maagizo yake moja baada ya jingine. Ilipungua kasi kwa takriban mara 6 na ikapoteza uwezo wa kufanya mambo mengi pamoja, lakini kuipanga kukawa rahisi mno hata hakuna aliyetaka kurudi nyuma. Uamuzi ule ulikuwa sahihi kwa wakati wake. Matokeo yake ni kwamba vizazi viwili vya waandishi wa programu vilijifunza kufikiri kwa mstari mmoja wa hatua, na lugha ya Fortran, iliyotolewa na IBM mwaka 1957 kwa ajili ya hesabu za kisayansi, ikajengwa juu ya mazoea hayo.

Daniel Slotnick hakukubali. Katika Chuo Kikuu cha Illinois aliongoza ujenzi wa ILLIAC IV, mashine iliyokusudiwa kuwa na vipengele 256 vya kukokotoa vikitii agizo moja kwa pamoja, kila kimoja kwa namba zake. Vilijengwa 64 tu. Gharama ilipanda kutoka dola milioni 8 zilizokadiriwa hadi takriban milioni 31. Mwaka 1970 wanafunzi waliandamana kupinga uhusiano wa mradi huo na jeshi, na mashine ikapelekwa California, kwenye kituo cha Ames cha NASA, ambako ilianza kutegemewa kwa kazi za kila siku karibu mwaka 1975. Ilipofanya kazi iliyolingana na umbo lake ilikuwa na kasi kubwa. Shida ni kwamba kila programu ilibidi iandikwe upya kwa ajili yake.

Katika mkutano wa kompyuta wa mwaka 1967 mjini Atlantic City, Slotnick alipoitetea njia yake, Gene Amdahl wa IBM alisimama upande wa pili. Makala yake ilikuwa ya kurasa chache, wala haikuwa na fomula ile inayoitwa kwa jina lake leo, lakini hoja ilikuwa wazi. Katika kila programu kuna sehemu isiyogawanyika: kusoma data, kupanga, kuamua hatua inayofuata. Tuseme programu inachukua saa 20 kwenye prosesa moja, na saa 1 kati ya hizo ni ya hatua zinazosubiriana. Prosesa 8 zitaimaliza kwa takriban saa 3 na dakika 22, yaani kasi chini kidogo ya mara 6. Prosesa 64 zitaongeza kasi kwa mara 15 na ushei. Prosesa 1,024 hazifikishi mara 20, na hata zikiwa milioni, ile saa 1 haipungui. Ni kama ujenzi wa nyumba: waashi 50 watainua kuta kwa siku chache, lakini paa halipandi kabla kuta hazijasimama, na fundi wa paa hasaidiwi na wingi wa waashi.

Kwa miaka 20 hoja hiyo ilitumiwa kama fundo la mwisho. Waliotaka kasi walikwenda kwa mtengenezaji wa kompyuta Seymour Cray. Mashine yake ya Cray-1, iliyofika maabara ya Los Alamos mwaka 1976, ilikuwa na prosesa moja iliyopiga mapigo milioni 80 kwa sekunde na kuchukua namba hadi 64 kwa agizo moja, ikizipitisha kwenye mashine ya kuzidisha mfululizo bila pengo. Mbinu ya kutoacha mashine ikae bure ilikuwa imekwisha kutumika Los Alamos kwa mkono. Mwaka 1944, katika chumba cha mashine za kadi, kikundi alichokisimamia mwanafizikia Richard Feynman kiliendesha hesabu mbili au tatu kwa pamoja kwa kadi za rangi tofauti, ili hesabu moja ikiwa kwenye mashine ya kuzidisha, nyingine iwe kwenye ya kujumlisha. Mwaka 1982 kampuni ya Cray ilitoa X-MP, yenye prosesa mbili zilizotumia kumbukumbu moja, na hapo hata watetezi wa prosesa moja wakawa wameanza kugawa.

Upande wa pili walikuwapo waliounganisha prosesa nyingi za bei nafuu. Katika chuo cha Caltech, Charles Seitz na Geoffrey Fox waliwasha mwaka 1983 mashine iliyoitwa Cosmic Cube, ya kompyuta ndogo 64 zilizotumiana ujumbe. Mwaka 1985 Alan Karp wa IBM aliahidi dola 100 za mfukoni mwake kwa yeyote atakayeonyesha kasi ya mara 200 au zaidi kwenye kazi halisi. Mwaka 1988 John Gustafson, Gary Montry na Robert Benner wa maabara ya Sandia walitangaza matokeo ya mashine ya nCUBE yenye prosesa 1,024. Kwa hesabu za ukubwa uleule, kasi ilizidi mara 500. Kwa hesabu zilizokuzwa kulingana na idadi ya prosesa, ilizidi mara 1,000.

Maelezo ya Gustafson ndiyo yaliyolifungua fundo hilo. Amdahl alikuwa amedhani kwamba hesabu hubaki ileile wakati prosesa zinaongezeka. Watu hawatumii mashine hivyo. Mwenye mashine kubwa zaidi hataki utabiri wa jana uishe kwa sekunde moja. Anataka kugawa anga katika miraba midogo zaidi na kupata utabiri bora kwa muda uleule. Kazi ya kugawanyika hukua haraka, huku ile ya kusoma data na kuanzisha programu ikibaki karibu vilevile. Hesabu ya Amdahl haikuwa na kosa, ila ilijibu swali ambalo wanasayansi hawakuwa wakiliuliza.

Katika kipindi hichohicho Mnaijeria Philip Emeagwali alipata tuzo ya Gordon Bell ya 1989, katika kundi la utendaji kwa kulinganisha na bei, kwa hesabu za mtiririko wa mafuta ardhini zilizoendeshwa kwenye mashine ya Connection Machine yenye prosesa ndogo 65,536. Barani Afrika amehusishwa mno na uvumbuzi wa intaneti, sifa ambayo haistahili kupewa mtu mmoja yeyote. Kazi yake halisi inatosha kukumbukwa bila nyongeza hiyo: mwendo wa mafuta katika mwamba, kama upepo wa Richardson, unamlazimu kila mtendaji kuzungumza na majirani zake, na kuugawa kwa prosesa elfu sitini na ushei si jambo dogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 tatizo lilikuwa limehama kutoka kwenye mashine hadi kwenye lugha. Kila kampuni ilikuwa na njia yake ya kutuma ujumbe kati ya prosesa, na programu iliyoandikwa kwa mashine moja haikuendeshwa kwenye nyingine. Mwezi Aprili 1992 watafiti na watengenezaji walikutana Williamsburg, Virginia, na kufikia 1994 wakatoa kiwango cha pamoja kinachoitwa MPI. Kila mtendaji huwa na kumbukumbu yake mwenyewe, na anachotaka kukijua kutoka kwa mwenzake lazima akiombe na kutumiwa waziwazi. Ni uandishi mgumu, lakini mkweli, kwa kuwa gharama ya kila ujumbe inaonekana kwenye ukurasa. Mwaka huohuo wa 1994 Thomas Sterling na Donald Becker wa NASA waliunganisha kompyuta 16 za kawaida za dukani kwa nyaya za mtandao na mfumo wa Linux, wakauita mkusanyo huo Beowulf. Tangu hapo, idara ya chuo isiyo na mamilioni ya dola iliweza kuwa na mashine yake ya kugawa hesabu.

Mashine zenye prosesa kadhaa juu ya kumbukumbu moja zilifuata njia nyingine. Kiwango cha OpenMP, kilichotolewa kwa Fortran mnamo Oktoba 1997 na kwa C mwaka uliofuata, kilimruhusu mwandishi kuacha programu yake ilivyo na kuongeza juu ya kitanzi, yaani sehemu ya programu inayorudiwa, mstari mmoja wa maelekezo. Kompaila, yaani programu inayotafsiri maandishi kuwa maagizo ya mashine, isiyoujua mstari huo huupita. Inayoujua hukigawa kitanzi: chenye mizunguko 1,000,000 kwenye prosesa nne, kila moja huchukua 250,000. Wenye programu za Fortran za miaka 20 waliupenda mtindo huu, kwani waliweza kugawa kitanzi kimoja leo na kingine wiki ijayo huku programu ikiendelea kutoa majibu.

Urahisi huo ulikuja na hatari yake. Watendaji wawili wakijumlisha kwenye namba moja, mmoja anaweza kusoma 10 wakati mwenzake naye anasoma 10. Wa kwanza anaongeza 3 na kuandika 13, wa pili anaongeza 5 na kuandika 15, na ile 3 imepotea. Programu haisimami wala hailalamiki. Hutoa jibu lisilo sahihi, tena si kila mara, ndiyo maana kosa hili laweza kuishi miaka ndani ya programu inayoaminiwa. Dawa yake ni kumpa kila mtendaji jumla yake ya pembeni na kuziunganisha mwishoni. Hata hapo kuna jambo la kushangaza. Namba za desimali ndani ya kompyuta hukatwa baada ya tarakimu 15 au 16 hivi, kwa hiyo mpangilio wa kujumlisha hubadili jibu. Ukianza na 10,000,000,000,000,000, ukaongeza 1, kisha ukaitoa ile namba kubwa, kompyuta hutoa 0. Ukiitoa kwanza na kuongeza 1 baadaye, hutoa 1. Programu ileile ikiendeshwa na watendaji wanne, kisha wanane, yaweza kutofautiana katika tarakimu za mwisho bila kuwapo kosa lolote, na wanaohitaji matokeo yanayorudiwa kwa uhakika hulazimika kuufunga mpangilio huo hata kama kasi itapungua.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, yote haya yalikuwa mambo ya wachache. Mtu wa kawaida aliyetaka hesabu zake ziende kasi alisubiri mwaka mmoja au miwili, akanunua kompyuta mpya. Sababu ilielezwa na Robert Dennard wa IBM na wenzake mwaka 1974: transista zinapopunguzwa ukubwa, volteji nayo inaweza kupunguzwa, hivyo eneo lilelile la silikoni hubeba transista nyingi zaidi, zenye mapigo ya kasi zaidi, bila kuongeza joto. Karibu mwaka 2004 volteji ilikataa kushuka tena, kwa sababu umeme ulianza kuvuja hata transista zikiwa zimefungwa. Intel, iliyokuwa imefikisha prosesa ya Pentium 4 kwenye gigahezi 3.8, iliacha mpango wa kuifikisha 4 na kuifuta prosesa iliyokuwa iifuate. Transista ziliendelea kuongezeka, ila zikatumika kuweka prosesa mbili kamili, yaani viini viwili, ndani ya kipande kimoja. IBM ilikuwa imefanya hivyo kwenye Power4 mwaka 2001 kwa ajili ya seva. Mwaka 2005 AMD na Intel zikawaletea watu wote prosesa za aina hiyo.

Mabadiliko hayo hayakuomba ruhusa kwa mwandishi yeyote wa programu. Mtafiti aliyenunua kompyuta ya viini vinne aliiendesha programu yake ya zamani na kuona kiini kimoja kikihangaika huku vitatu vikikaa bure. Kompaila zilijaribu kugawa vitanzi zenyewe, na zilifanikiwa kwenye vilivyo sahili, lakini kompaila isiyoweza kuthibitisha kwamba mizunguko haitegemeani hulazimika kuacha kitanzi kama kilivyo. Ujuzi wa nini kinategemea nini umo kichwani mwa anayeijua hesabu, na mara nyingi haumo kwenye maandishi ya programu.

Kilichowaokoa wengi kilikuwa kazi iliyoanza kabla ya viini kuwapo. Mwaka 1979 Charles Lawson, Richard Hanson, David Kincaid na Fred Krogh walichapisha BLAS, orodha ya shughuli ndogo za msingi kama kuzidisha safu ya namba na kuijumlisha kwenye nyingine, kila moja ikiwa na jina na umbo lililokubaliwa. Programu ikiomba shughuli kwa jina, kila mtengenezaji wa mashine angeweza kuiandika upya kwa namna inayoifaa mashine yake. Jack Dongarra na wenzake waliiendeleza hadi daraja la tatu, lililochapishwa mwaka 1990, ambalo shughuli yake kuu ni kuzidisha matriki kwa matriki.

Daraja hilo lina umuhimu wa pekee, na sababu iko kwenye namba. Kujumlisha safu mbili za namba 1,000,000 ni hesabu 1,000,000, lakini namba 3,000,000 lazima zipite kati ya kumbukumbu na prosesa. Viini vichache hutosha kuijaza njia hiyo, na vinavyobaki husubiri. Kuzidisha matriki mbili zenye safu mlalo 1,000 na safu wima 1,000 kunagusa namba hizohizo 3,000,000, ila kuna hesabu 2,000,000,000. Kila namba iliyoletwa karibu hutumika mara nyingi kabla ya kurudishwa. Kwa hiyo mwandishi wa maktaba huzikata matriki katika vipande vinavyoenea kwenye kumbukumbu ndogo iliyo kando ya kila kiini, na viini vyote hupata kazi. Maktaba ya LAPACK ya mwaka 1992, ya kutatua milinganyo ya mstari, ilipangwa upya kuanzia chini ili kazi yake kubwa ipitie kwenye kuzidisha huko.

Mtu aliyekwenda mbali zaidi katika ufundi huu ni Mjapani Kazushige Goto. Katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliandika kwa mkono, agizo kwa agizo, taratibu za kuzidisha matriki zilizowashinda hata watengenezaji wa prosesa zenyewe. Kazi yake, GotoBLAS, ilipoachwa, iliendelezwa kuanzia 2011 na kundi la Zhang Xianyi nchini China kwa jina la OpenBLAS. Dongarra alipewa tuzo ya Turing ya mwaka 2021. Maelfu ya watafiti wanaotatua milinganyo kwenye kompyuta zao leo hutumia viini vyote bila kuandika mstari hata mmoja wa kugawa kazi, na wengi wao hawajui kwamba chini yao imelala kazi ya miaka 40.

Faida hiyo ilifika pia kwenye Python, lugha ambayo kwa mtazamo wa kwanza haikufaa kabisa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mkalimani wake ana kufuli moja kuu linaloruhusu uzi mmoja tu wa utekelezaji kuendesha maagizo ya Python kwa wakati mmoja. Kufuli hilo lilirahisisha lugha na kuilinda kumbukumbu yake, lakini lilifanya nyuzi nyingi zisiwe na maana kwa hesabu. NumPy, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka 2006, ilikwepa kikwazo kwa kuikabidhi kazi nzito kwa BLAS, iliyo nje ya kufuli. Kwa kazi nyingine, toleo la 2.6 la mwaka 2008 lilileta njia ya kuanzisha michakato kadhaa kamili, kila mmoja na mkalimani wake, kwa gharama ya kunakili data kati yao.

Njia hizo mbili zikikutana, hugombana. Kwenye mashine ya viini 8 mtu huanzisha michakato 8, kila mmoja unaomba maktaba izidishe matriki, na maktaba, isiyojua kwamba kuna michakato mingine, huanzisha nyuzi 8. Nyuzi 64 hunyang'anyana viini 8, na programu huenda polepole kuliko ilivyokuwa kabla ya kugawanywa. Suluhisho la kawaida ni kuiwekea maktaba kigezo cha OMP_NUM_THREADS kuwa 1 kabla ya programu kuanza, au kuacha michakato na kuiachia maktaba viini vyote. Lugha ya Julia, iliyotangazwa mwaka 2012 kwa ajili ya hesabu za kisayansi, ilipofikia toleo la 1.3 mwaka 2019 ilileta mpango unaoziweka kazi zake za nyuzi, hata zilizoanzishwa ndani ya nyingine, chini ya mgawaji mmoja.

Mwaka 2023 wasimamizi wa Python walikubali pendekezo la Sam Gross la kuliondoa kufuli kuu. Toleo la 3.13, la Oktoba 2024, lilitolewa likiwa na umbo la majaribio lisilo na kufuli, na mwaka uliofuata toleo la 3.14 likaliweka umbo hilo katika yanayotegemezwa rasmi, ingawa bado si la kawaida. Kuliondoa kulidai kubadili namna lugha inavyohesabu ni nani anatumia kila kitu kilichomo kwenye kumbukumbu, na maktaba zilizozoea ulinzi wa kufuli zimelazimika kukaguliwa moja baada ya nyingine, ili kujua ni wapi nyuzi mbili zinaweza kuandika mahali pamoja.